Palermo kwa Sikio la Mswahili

Uwanja wa ndege wa Palermo umebanwa kati ya mlima na bahari, juu ya rasi iitwayo Punta Raisi. Nilikuwa nasubiri sanduku langu litoke nilipolisoma jina hilo ukutani, nikalirudia kimoyomoyo kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoitarajia. Baadaye nilielezwa kwamba katika pwani ya Sisilia raisi si mkuu wa nchi. Ni kiongozi wa wavuvi wa jodari, mwenye kuamua siku ya kutega nyavu na saa ya kuziinua, na zamani hapakuwa na mtu wa kumpinga baharini. Neno ni lile lile la Kiarabu: lilipanda chombo kimoja likashuka kwao, likapanda chombo kingine likashuka kwetu.

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na nilikuja Sisilia kwa ajili ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 800 iliyopita. Anaitwa Al-Idrisi. Mwezi Januari 1154, akiwa Palermo katika utumishi wa mfalme, alikamilisha kitabu kikubwa cha jiografia, na ndani yake akaandika habari za Malindi, Mombasa, Sofala na kisiwa ambacho wasomi wengi wanakitambua kuwa Unguja. Hayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayoitaja Mombasa kwa jina. Tangu nilipolijua jambo hilo nikiwa kijana, nilikuwa na hamu ya kuona mji uliotuandika.

Kutoka uwanjani barabara kuu inafuata ufuo, na baada ya dakika chache unapita Capaci. Hapo, pande mbili za barabara, zimesimama nguzo za kumbukumbu. Tarehe 23 Mei 1992 mafia walilipua barabara hii kwa baruti iliyofichwa chini yake, wakamuua hakimu Giovanni Falcone, mkewe Francesca Morvillo na walinzi wao watatu. Siku 57 baadaye, ndani ya mji, waliuawa hakimu mwenzake Paolo Borsellino na walinzi watano. Uwanja wa ndege sasa una majina ya mahakimu hao wawili. Dereva wangu alipunguza mwendo, akaonyesha kwa kidole, akanyamaza mpaka tulipopita. Naandika habari hii mwanzoni kwa sababu wenyeji nao huanza nayo, na mgeni anayeingia Palermo akiutazama uzuri tu atakuwa ameingia kwa mlango wa nyuma.

Barabara kongwe ya mji, ile inayoshuka kutoka ikulu ya kale hadi baharini, kwenye ramani inaitwa Via Vittorio Emanuele. Waulize wazee, watakwambia Cassaro. Ni kasri hiyo. Ukishuka nayo hadi karibu na bandari, mkono wa kulia una mtaa wa Kalsa, uliokuwa ngome ya watawala wa Kiislamu tangu mwaka 937 na kuitwa Al-Khalisa, yaani safi, teule. Sisi tuna halisi. Katika mtaa uliokuwa wa Mayahudi kuna kiwanja kidogo kinachoitwa Meschita, na kibao chake kimeandikwa kwa Kiitaliano, Kiebrania na Kiarabu. Msikiti. Nilitembea siku nzima ya kwanza bila kufungua kitabu cha mwongozo, nikisoma vibao tu, na kila baada ya hatua mia mbili neno fulani lilinisimamisha.

Historia yenyewe kwa ufupi ni hii. Wafoinike waliuanzisha mji karne ya 8 kabla ya Kristo. Wagiriki waliupa jina Panormos, bandari pande zote. Warumi waliuchukua mwaka 254 KK, na baada yao Wavandali, Wagothi na Wabizanti. Mwaka 831 uliangukia mikononi mwa Waislamu kutoka Afrika Kaskazini, ukaitwa Balarm, ukawa kichwa cha kisiwa kizima. Msafiri Ibn Hawqal wa Baghdad alifika mwaka 973 akahesabu misikiti zaidi ya 300, na akawalaumu wenyeji kwa kula vitunguu vibichi asubuhi na jioni. Januari 1072 waliuteka Wanormani, wapiganaji kutoka kaskazini mwa Ufaransa, wachache kwa idadi, waliojikuta wakitawala watu wenye elimu, ufundi na utaratibu wa serikali kuliko wao. Walifanya jambo ambalo washindi hawalifanyi mara nyingi: waliwaacha makarani, mafundi na wanazuoni waendelee na kazi.

Matokeo yake unayaona ukiingia Cappella Palatina, kanisa la ndani ya ikulu ambalo Roger II alianza kulijenga baada ya kutawazwa mfalme siku ya Krismasi ya mwaka 1130. Si jengo kubwa. Msikiti wa Ijumaa wa mji wowote wa pwani yetu ungelimeza. Kuta zake zimefunikwa mozaiki za dhahabu, kazi ya mafundi wa Kibizanti, zenye watakatifu na maandishi ya Kigiriki. Ibada ilikuwa ya Kilatini. Kisha inua macho. Dari ni ya mbao, iliyochongwa vijipango vinavyoning'inia kama sega la nyuki, mtindo ambao Waarabu huuita mukarnasi, na kila kipande kimechorwa: wapiga ala, watu wawili wakicheza sataranji, ngamia, simba, na kuizunguka michoro hiyo dua za heri kwa mfalme kwa hati ya Kufi. Mafundi Waislamu walipanda jukwaani wakampambia mfalme Mkristo paa la kanisa lake. Nilikaa kwenye kiti cha ubavuni kwa zaidi ya saa nzima. Mlinzi alinipita mara tatu, mara ya nne akaniletea kioo kidogo cha mkononi, ili niitazame dari bila kuumiza shingo.

Nje ya mlango wa kanisa hilo kuna jiwe la mwaka 1142 linalotangaza kwamba mfalme ametengenezewa saa ya maji. Tangazo limeandikwa mara tatu, kwa Kilatini, Kigiriki na Kiarabu. Katika ofisi za Roger hizo zilikuwa lugha za kazi, na karani aliyetaka kusonga mbele hakutosheka na moja.

Humu ndimo alimofanya kazi Al-Idrisi, na namna alivyofanya kazi inastahili kusimuliwa. Kwa takriban miaka 15 wasafiri na mabaharia walioingia Sisilia waliitwa na kuulizwa habari za nchi walizozijua. Waliulizwa mmoja mmoja, kisha pamoja. Maneno yao yakikubaliana, habari iliandikwa. Yakigongana, iliwekwa kando. Yaliyopatikana yalichorwa kwenye sahani kubwa ya fedha, na kitabu kikaandikwa kuieleza, chenye ramani 70 za sehemu za dunia. Roger alifariki wiki chache tu baada ya kitabu kukamilika.

Katika ramani hizo kusini iko juu. Kwa hiyo pwani ya Zanj haikujikunyata chini pembeni mwa ukurasa kama tulivyozoeshwa shuleni. Imetanda juu kabisa, ikielekea mashariki kana kwamba inataka kufika China. Al-Idrisi anasema watu wa Malindi na Mombasa wanachimba chuma na kukiuza, na chuma cha Sofala kinasifiwa na kununuliwa na wafanyabiashara wa India. Yeye mwenyewe hakufika kwetu. Lakini kuna mtu aliyefika. Kuna baharia fulani, hatutalijua jina lake, aliyewahi kutia nanga kwetu au kula na waliotia nanga, habari yake ikapita Yemen, ikapita Misri, ikavuka Mediteranea na kuhojiwa chini ya dari hizi, ikakubaliwa. Chini ya mukarnasi ile nilimfikiria yeye zaidi ya nilivyomfikiria mfalme.

Vipeperushi vingi vya utalii humalizia hapo, kwa picha ya dini tatu zikiishi kama ndugu. Siwezi kuwaachia wasomaji picha hiyo. Mwaka 1161, katika uasi dhidi ya mwana wa Roger, William I, ikulu iliporwa na Waislamu wengi wa mji wakauawa. Sahani ya fedha ilipotea katika ghasia hizo. Msafiri Ibn Jubayr, aliyekuwa akirejea kwao Andalusia kutoka Hija, alipita Palermo mwezi Desemba 1184 akaona mambo mawili kwa pamoja: wanawake wa Kikristo waliokwenda kanisani siku ya Krismasi wakiwa wamevaa na kujitanda kama Waislamu, na Waislamu waliokuwa wakiishi kwa hofu. Karne iliyofuata Federico II, mjukuu wa Roger, msomi aliyependezwa na elimu ya Kiarabu, aliwahamisha kwa nguvu Waislamu wa Sisilia hadi Lucera, Italia bara. Mayahudi walipewa amri ya kuondoka mwaka 1492. Kilichobaki ni mawe, na maneno vinywani mwa waliobaki.

Mawe hayo yanajua kutunza siri. Kwenye ukumbi wa kusini wa kanisa kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1185, ipo nguzo upande wa kushoto iliyochongwa aya ya Kurani, kutoka sura ya Al-A'raf. Watu wanaingia na kutoka. Harusi moja ilikuwa ikitoka nilipofika, bibi harusi akaiegemea nguzo hiyo kupigwa picha, gauni lake jeupe likifunika nusu ya maandishi.

Siku ya tatu nilikwenda Zisa. Ukitoka katikati ya mji ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, kupitia mitaa ya kawaida yenye magereji na maduka ya vipuri. Jina linatokana na Al-Aziza, na azizi kwetu ni mpendwa. Ni jumba la mapumziko la wafalme, lililoanzwa mwaka 1165 na William I na kumaliziwa na mwanawe William II, na lilijengwa na mafundi waliolijua joto. Wapwani wataielewa nyumba hii kabla ya mwongozaji kufungua mdomo. Uso wake umeelekezwa baharini. Milango mitatu ya tao, wa katikati ukiwa mkubwa kuliko yote, ilipokea upepo uliokuwa umekwisha kupoa kwa kupita juu ya bwawa lililokuwa mbele ya jumba. Ndani, ukutani, chemchemi iliteremsha maji juu ya bamba la marumaru lililochongwa mistari ili yatawanyike na kuipoza hewa, kisha yakapita mfereji katikati ya sakafu hadi kwenye bwawa lile lile. Hewa ya moto ilipanda na kutoka kwa matundu ya juu. Nje siku hiyo ya Septemba jua lilikuwa kali. Ndani nilivaa koti.

Katika jumba hilo, ambalo sasa ni makumbusho ya sanaa ya Kiislamu, kuna jiwe la kaburi dogo ambalo kwangu lina thamani kuliko mozaiki zote za Palermo. Ni la Anna, mama wa kasisi aliyeitwa Grisanto, aliyefariki mwaka 1148. Mwanawe aliomboleza kwa lugha za watu wote wa mjini: Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kila maandishi yanahesabu mwaka kwa kalenda ya watu wake. Alitaka kila mpita njia amjue mama yake.

Lakini kuna jambo lingine la Zisa ninalotaka lisomwe Zanzibar, Lamu na Mombasa. Jumba hili liliwahi kuanguka. Kwa karne nyingi lilipita mikononi mwa wenye mali waliokata vyumba na kubadili kuta. Serikali ilipolichukua miaka ya 1950, ukarabati ulisuasua, na mwaka 1971 sehemu yake kubwa ikaporomoka. Ilichukua miaka 20 ya kupima, kubishana na kujenga upya, hadi lilipofunguliwa tena mwaka 1991. Walichofanya ni cha uaminifu: sehemu mpya haijifichi. Unaiona wazi ilipoanza, rangi yake ni nyingine, jiwe lake ni lingine. Nilipoliona nilikumbuka tarehe 25 Desemba 2020, siku Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la Zanzibar la mwaka 1883, lilipoporomoka sehemu mbele ya Forodhani likiwa katika ukarabati na kuua watu wawili. Nilikumbuka pia nyumba za mtaani kwetu ambazo mihimili yake ya boriti imeoza huku warithi wakisubiri mahakama. Jengo lililoanguka si lazima liwe limekufa. Zisa inasimama kama ushahidi, na ushahidi huo una bei yake, miaka 20.

Si mbali nalo ipo Cuba, jumba dogo zaidi la mwaka 1180. Kuba. Sina haja ya kulitafsiri.

Hasara ambayo Palermo haikuirekebisha ni mashamba yake. Mji umekaa kwenye bonde lililozungukwa na milima, bonde ambalo wenyeji huliita Conca d'Oro, bakuli la dhahabu, na dhahabu yenyewe ilikuwa malimau, machungwa na machenza. Waislamu ndio waliostawisha kilimo hicho kwa mifereji ya chini ya ardhi, magurudumu ya maji na matangi, na msamiati wa umwagiliaji wa Kisisilia hadi leo ni wa Kiarabu: gebbia ni tangi, senia ni gurudumu, saia ni mfereji. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1970, wanasiasa na mafia waligawana vibali vya ujenzi, na bonde likafunikwa zege. Wenyeji huuita wakati huo uporaji wa Palermo. Kwenye barabara ya Libertà kulikuwa na nyumba ya kifahari, Villa Deliella, kazi ya msanifu mashuhuri Ernesto Basile. Ilibaki kidogo tu itimize umri wa miaka 50 ilindwe na sheria. Tarehe 28 Novemba 1959, siku ya Jumamosi, wabomoaji walianza kazi, na kwa miongo mingi kiwanja hicho kikawa pa kuegesha magari. Hata jumba la maonyesho, Teatro Massimo, fahari ya mji tangu 1897, lilifungwa mwaka 1974 kwa ukarabati wa muda mfupi, likafunguliwa 1997. Watoto walizaliwa, wakakua na kuoa bila kuona mlango wake ukifunguliwa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa Waarabu na Wanormani. Sikuwa nimejiandaa kwa Benedikto. Kwenye Porta Nuova, lango la juu la Cassaro, kuna sanamu nne za watu wa Afrika Kaskazini waliotekwa, zilizowekwa kusifu ushindi wa mfalme Charles V huko Tunis mwaka 1535. Mbili kati yao hazina mikono. Nilizitazama nikiwa na uchungu. Kumbe katika miaka ile ile ambayo mji ulikuwa ukishangilia ushindi huo, katika kijiji cha San Fratello, mkoa jirani wa Messina, alikuwa akikua mtoto mweusi, mwana wa Cristoforo na Diana, Waafrika waliokuwa watumwa. Aliachwa huru. Alichunga mifugo, akaishi maisha ya upweke na sala, kisha akaingia utawa wa Wafransisko katika konventi ya Santa Maria di Gesù, kwenye mteremko nje kidogo ya Palermo, akafanywa mpishi. Hakujua kusoma wala kuandika. Watawa wakamchagua awe mkuu wao. Alipomaliza muhula alirudi jikoni. Alifariki tarehe 4 Aprili 1589, mwaka 1652 baraza la mji likamtangaza kuwa mmoja wa wasimamizi wa Palermo, na mwaka 1807 Papa Pius VII akamtangaza mtakatifu. Wakatoliki wetu wanamjua kama Benedikto Mwafrika. Brazili na Venezuela wazao wa watumwa wamemchezea ngoma kwa karne nyingi.

Mwili wake ulihifadhiwa katika kanisa la konventi ile. Mwezi Julai 2023, katika wimbi la joto lililozidi digrii 40, moto wa nyika ulishuka mlimani ukaliteketeza kanisa, na masalia ya Benedikto yakaungua, yakabaki machache tu. Mama mmoja mzee niliyekaa naye kwenye benchi la basi, aliposikia natoka Afrika, alinishika mkono akaniambia kwa Kiitaliano cha polepole ili nimwelewe: santo nostro, mtakatifu wetu, amekufa mara mbili. Alisema wetu, akimaanisha wake na wangu, ingawa mimi ni Mwislamu na alikuwa ameshaniona nikikataa soseji ya nguruwe aliyonikaribisha. Sikumsahihisha.

Mkoa wa Palermo una manispaa 82, na mgeni mwenye siku chache lazima achague. Monreale ni dakika chache juu ya kilima. Nenda asubuhi na mapema. Kanisa kuu alilolijenga William II lina mozaiki zaidi ya mita za mraba 6,000, na ua wa watawa una nguzo 228 zilizopangwa mbili mbili. Kwa kweli mimi wingi ule wa dhahabu ulinichosha, nikaukimbilia ua, kwenye kona yenye chemchemi iliyochongwa kama mti wa mtende. Kanisa hilo, la Cefalù na majengo saba ya Palermo yaliingizwa pamoja katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2015.

Cefalù iko umbali wa saa moja hivi kwa treni, mashariki, na reli inaambaa na bahari karibu njia nzima. Hapo Roger II alianza kujenga kanisa mwaka 1131 akitaka azikwe ndani yake. Hakuzikwa. Lakini Kristo wa mozaiki aliyewekwa kwenye kuba ya madhabahu mwaka 1148 bado ameshika kitabu kilichofunguliwa, ukurasa mmoja Kigiriki na wa pili Kilatini. Chini ya mji kuna mahali pa kale pa kufulia, pa mawe, ambapo maji ya mto yanapita kwenye mabirika. Wanawake walifulia hapo hadi karne iliyopita. Vijana wa mjini walikuwa wamekaa kwenye ngazi zake wakipoza miguu.

Kusini, juu ya ziwa, kuna Piana degli Albanesi, mji ulioanzishwa mwaka 1488 na Waalbania waliowakimbia Waosmani. Zaidi ya miaka 500 imepita na bado wanazungumza lugha yao, vibao vya barabarani ni vya lugha mbili, na makasisi wao wana ruhusa ya kuwa na wake. Karibu nao, Portella della Ginestra, wakulima waliokusanyika kusherehekea Mei Mosi ya 1947 walimiminiwa risasi na genge la Salvatore Giuliano, wakafa watu 11. Mawe makubwa yamesimamishwa mahali walipoanguka, na upepo hapo hautulii.

Mahali nilipopapenda zaidi nje ya mji ni Castelbuono, katika milima ya Madonie. Nilifuata mana. Ndiyo, kuna miti ambayo wakulima wa huko huichanja magome wakati wa kiangazi, utomvu ukatoka, ukagandishwa na jua kuwa vijiti vyeupe vitamu, na jina lake ni manna. Waliobaki wakiijua kazi hiyo ni wachache. Lakini kilichonikamata roho ni punda. Mwaka 2007 manispaa ilianza kutumia punda kukusanya taka katika vichochoro visivyoingilika kwa gari. Nilimwona mmoja akishuka ngazi, matandiko yenye masanduku mawili ubavuni, mfanyakazi mwenye sare akimwongoza kwa sauti ya chini. Mtu wa Lamu angeuliza tu jina la punda.

Kwa wanaotaka kwenda: hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu, utapitia Istanbul, Roma au kwingineko, na viza ni ya Schengen, anza kuifuatilia mapema. Makanisani funika mabega na magoti. Kuhusu chakula, Waislamu wawe waangalifu na pani ca meusa, mkate wa bandama ambao kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Badala yake kula panelle. Ni unga wa dengu uliopikwa kama ugali mwepesi, ukakatwa vipande vyembamba na kukaangwa, kisha ukakamuliwa limau. Ukifumba macho utadhani umesimama kwa muuza bajia. Kula pia tambi za sardini, zenye shamari, zabibu kavu na zafarani, chakula ambacho kimebeba historia yote niliyoieleza hapo juu ndani ya sahani moja.

Vyote hivyo utavipata Ballarò. Wasomi wengi wanalihusisha jina la soko hili na Balhara, mahali alipopataja Ibn Hawqal, na halijanyamaza tangu hapo. Leo wanaouza humo ni Wasisilia, Waghana, Wabangladeshi, Watunisia na Wanigeria. Wengine walifika kwa ndege, wengine kwa mashua zile tunazozisikia kwenye taarifa ya habari zikizama. Kijana kutoka Gambia aliyekuwa akipanga viatu vya mitumba aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Mombasa. Akasema hapajui. Nikamwambia mfalme wa mji huu alipajua. Akacheka, akaniomba nimwandikie jina kwenye simu yake apatafute kwenye ramani.

Asubuhi ya kuondoka nilipita sokoni na sanduku langu kununua matunda ya njiani. Muuzaji mwenye umri wa baba yangu alikuwa na rundo la zabibu kubwa za rangi ya dhahabu, za harufu ya maua, na kibao cha kadibodi kilichoandikwa kwa kalamu nene: zibibbo. Nilikisoma kwa sauti, kwa matamshi yetu. Zabibu, nikasema. Zibibbo, akanisahihisha. Nikampa pesa za kilo moja. Akaliona sanduku, akauliza kwa ishara ya mkono, ndege? Nikaitikia kwa kichwa. Unarudi lini? Nikamwambia sijui, ni mbali, nauli ni kubwa. Alikunja uso kwa huruma ya kweli, akakata kishada kingine akakiweka juu ya mizani iliyokuwa imekwisha kutimia.

"Mischinu," akasema.

Maskini. Sikuhitaji mkalimani.